Siku Moja Katika Bonde la Mizabibu



Tangu niliporudi kutoka Ujerumani wengi mmeniomba niwaandikie habari za safari yangu. Mambo ya huko ni mengi, wala kurasa hizi hazitoshi. Basi nimechagua siku moja tu, yaani siku ile tuliyopita katika bonde la mto uitwao Mosel, mahali wanapolima mizabibu. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi sote husoma habari za mzabibu katika Biblia, na walimu huzifundisha kila mwaka, walakini wachache kati yetu wamewahi kusimama chini ya mzabibu na kuushika kwa mikono. Mimi mwenyewe ni mtu wa migomba na kahawa. Zabibu za Dodoma nimezinunua njiani, lakini shamba lake nalikuwa nimeliona kwa dirisha la basi tu. Sababu ya pili nitaieleza mwisho, maana ni habari ya nyumba yangu, na si rahisi kuiandika.

Ilikuwa mwanzo wa Oktoba 2024. Wenyeji wangu walikuwa mzee mmoja na mkewe, wote wawili walimu waliostaafu, wa usharika ulio na urafiki na usharika wetu. Mzee huyo alifundisha Tanzania miaka kadhaa alipokuwa kijana, na Kiswahili chake ni kizuri hata leo, basi yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu.

Motokaa yao ilikuwa ya namna ambayo sikuwa nimewahi kupanda. Kwa nje ni kama basi dogo jeupe. Kwa ndani ni nyumba. Mna vitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi lenye meko mawili, jokofu dogo, tangi la maji safi, tangi la maji machafu, na choo kilichofichwa kama kabati. Wazee wengi wa huko, wakiisha kustaafu, husafiri kwa magari ya namna hii. Huwa kama konokono, aendaye na nyumba yake mgongoni. Mama alinionya nifunge kila mlango wa kabati kabla hatujaondoka. Mimi nikafunga yote ila mmoja, na kwenye kona ya kwanza vikombe vitatu vikaruka na kuvunjika. Nikaona haya sana. Mama akacheka, akasema, “Mwalimu, sasa umekuwa msafiri kweli. Hata mimi nilianza hivyo.”

Tulikuwa tumelala Trier, mji ulioanzishwa na Warumi miaka kumi na kitu kabla ya kuzaliwa kwa Bwana Yesu. Lango lao kubwa la mawe, ambalo kwa uzee limekuwa jeusi, lasimama hata sasa. Asubuhi, saa mbili, tuliingia katika jumba refu lililojengwa mwanzo wa karne ya nne, liwe ukumbi wa kiti cha enzi cha Kaisari Konstantino. Ndani hakuna nguzo hata moja. Mtu akisimama pale hujiona mdogo kama sisimizi, na bila shaka ndivyo Kaisari alivyotaka. Tangu 1856 jumba hilo ni kanisa la Waprotestanti. Mwaka 1944 liliungua kwa mabomu ya vita, kisha likatengenezwa tena. Upande ule alipoketi Kaisari, leo pana meza ya Bwana. Tukasali kidogo, tukaondoka.

Mto Mosel huanzia katika milima ya Ufaransa, ukaja Ujerumani, ukamwaga maji yake katika mto Rhine penye mji wa Koblenz. Toka Trier hata Koblenz ndege angeruka kilometa kama 100. Lakini mto hauna haraka. Hujipinda kushoto, hujipinda kulia, hurudi ulikotoka, hata njia yake huwa karibu mara mbili ya hiyo. Barabara hufuata ukingo wa mto, na sisi tuliifuata barabara polepole. Siku ile yote hatukutimiza kilometa 100.

Mara baada ya kuuacha mji nikaanza kuiona mizabibu. Mwanzo sikuielewa. Nalidhani nitaona shamba tambarare kama la mahindi. Kumbe nikaona ukuta wa kijani unaopanda kutoka mtoni mpaka karibu na mbingu, na juu ya ukuta huo watu wadogo wadogo wakitambaa. Nikauliza, “Kwa nini wanapanda mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili?” Mzee akaegesha gari, akanieleza.

Nchi ile iko mbali kaskazini. Jua la huko halifiki utosini kama kwetu. Hata wakati wa kiangazi hupita upande wa kusini, na joto lake ni haba. Basi mteremko unaoelekea kusini hulipokea jua usoni, kama mtu aotaye moto, lakini ule uliogeuka nyuma hukaa katika kivuli. Ndiyo sababu kila penye pindo la mto huona upande mmoja mizabibu, na ng'ambo yake msitu au malisho. Tena mwamba wenyewe huwasaidia. Ni mawe bapa, meusi yenye rangi ya buluu kidogo, yanayopasuka kama kurasa za kitabu. Nikaokota moja, nikalitambua mara: ni jiwe la sleti! Ni jinsi ile ile ya jiwe ambalo baba zetu walijifunza kuandika juu yake a, e, i, o, u katika shule za misheni. Huko huezekea nyumba kwa mawe hayo, na mizabibu hukua katikati yake. Mchana jiwe hunywa joto la jua, na usiku hulitoa polepole, mzabibu usipate baridi. Mizizi nayo hupenya katika nyufa za mwamba, ikishuka chini sana kutafuta maji.

Kila mzabibu ulisimama peke yake na mti wake wa kuegemea, kama mharage na kijiti chake. Shina lake ni nene, limepindika, na gome lake lachunika kama karatasi kuukuu. Kutoka katika shina hilo huachwa matawi mawili tu, nayo hukunjwa kuelekea chini, moja huku na moja huku, yakafungwa penye mti ule. Ukitazama kwa mbele waona umbo la moyo. Nikauliza, “Mwaka mzima mti mkubwa hivi hutoa matawi mawili tu?” Mzee akanijibu, “Hutoa mengi. Mawili ndiyo yaliyoachwa.” Neno hilo likanichoma kidogo, nitakavyoeleza.

Tukapita Neumagen. Hapo mwaka 1878 walichimbua jahazi la mawe, lililochongwa miaka kama 220 baada ya Kristo, liwe ukumbusho juu ya kaburi la mfanyabiashara wa divai. Jahazi lenyewe limewekwa katika nyumba ya makumbusho huko Trier, na kijijini umesimamishwa mfano wake. Wapiga makasia wamekaa kwa safu, mapipa yako katikati, na mmoja wa mabaharia uso wake wacheka hata leo. Mbele kidogo, katika kijiji cha Piesport, waliliona mwaka 1985 shinikizo la Warumi, kubwa mno, lenye mabirika ya kukanyagia zabibu kwa miguu na mengine ya kupokea maji yake. Nalisimama pale nikamkumbuka Isaya na ule wimbo wake wa shamba la mizabibu, wa yule mwenye shamba aliyepalilia, akaondoa mawe, akachimba shinikizo, kisha asipate ila zabibu mwitu. Miaka mingi nalifundisha sura ile bila kujua ni kazi ya namna gani aliyoitaja nabii. Kuchimba shinikizo ni kazi ya mtu aliye na hakika kwamba mavuno yatakuja.

Saa sita tukafika Bernkastel-Kues, miji miwili iliyounganishwa na daraja. Ndugu zangu, hapa lazima niwaambie mambo yaliyokuwa moyoni mwangu. Nalikwenda katika safari ile moyo wangu ukiwa umefungwa. Mnajua jinsi kileo kilivyoziharibu nyumba zetu. Kila tulipopita mbele ya duka la divai, na yako mengi, nalitazama upande wa mto. Mzee aliona, asiseme neno. Lakini huko Kues akaniongoza mpaka nyumba moja ya kale karibu na daraja, akasema, “Ingia hapa kwanza.”

Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1458 na mtu wa kijiji hicho hicho, jina lake Nikolaus. Alizaliwa 1401; baba yake alikuwa mwenye mashua mtoni. Mtoto akasoma, akapanda, hata akawa kardinali wa Kanisa la Roma na mmoja wa wataalamu wakubwa wa zamani zake. Wala hakuwasahau watu wa kwao. Aliagiza ijengwe nyumba ya kuwatunza wazee 33 walio maskini, kwa kuwa Bwana wetu alikaa duniani miaka 33. Je, fedha za kuwalisha zitoke wapi, na mwanzilishi akiisha kufa? Akaiwekea nyumba ile mashamba, na mizabibu kati yake. Yeye alifariki Italia mwaka 1464, na mwili wake ukazikwa Roma. Bali moyo wake uliletwa Kues, ukawekwa chini ya sakafu ya kanisa la nyumba ile. Vitabu vyake vya kuandikwa kwa mkono viko katika chumba cha juu. Na kwa zaidi ya miaka 500 mizabibu imewapa wazee mkate na kuni.

Nikasimama mbele ya lile jiwe lenye moyo chini yake. Nikawaza: zao hili hili ambalo mimi naliona kuwa shimo la kuangukia vijana, huyu amelifanya kuwa fimbo ya wazee. Sikubadili nia yangu juu ya kileo, wala leo sijaibadili. Lakini naliacha kutazama upande wa mto tu.

Tukala chakula garini, chini ya miti: mkate, jibini, na zabibu tulizonunua njiani. Kisha tukaendelea mpaka kijiji cha Wehlen. Ng'ambo ya mto, katikati ya ule ukuta wa mizabibu, nikaona mnara mweupe umechorwa mistari na tarakimu. Ni saa ya jua. Bwana mmoja mwenye shamba aliijenga mwaka 1842, ili wafanyakazi mlimani, ambao hawakuwa na saa mifukoni, wajue wakati wa kula na wakati wa kushuka. Kivuli cha kijiti kilikuwa kimefika saa tisa, na saa yangu ya mkono ilitangulia kwa zaidi ya saa moja, maana wakati wa kiangazi Wajerumani huzisogeza saa zao mbele, bali jua halisogezwi na mtu.

Pale nikamcheka mwenyeji wangu. Nalimwambia, “Mzee, ninyi mkisoma ule mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, ambao bwana aliwaita saa tatu, na saa sita, na saa tisa, na saa kumi na moja, mnafanyaje?” Akasema, “Lazima tuhesabu. Tunawaeleza watoto kwamba saa kumi na moja ya Biblia ni saa tano yetu ya jioni.” Nikasema, “Sisi hatuhesabu. Saa ya Bwana Yesu na saa ya Waswahili ni moja.” Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema kwamba miaka yote aliyokaa kwetu hakuwahi kuliwaza jambo hilo.

Tukavuka daraja kwa miguu, tukawakuta wavunaji. Mteremko ule hauwezekani kwa mashine. Kila kichala hukatwa kwa mkasi na mkono wa mtu. Wakataji huinama safu kwa safu, na mwanamume mwenye kapu kubwa la mgongoni hupita akipokea, kisha hushuka kwa miguu iliyopinda, kama mchukuzi wa ndizi ashukavyo mlimani wakati wa mvua. Mahali pengine wametega reli moja nyembamba, na kigari kidogo chenye injini hupanda juu yake kama kinyonga. Wengi wa wavunaji si wenyeji. Walitoka Poland na Romania, huja kwa majuma machache ya mavuno, kisha hurudi kwao. Mama mmoja wa Romania alitupa mkono wenye kunata kwa maji ya zabibu. Mzee alipomwuliza kwa Kijerumani kama amechoka, alionyesha mgongo wake, kisha akaonyesha vidole vitatu: watoto watatu, wote shuleni. Nikamwelewa bila mkalimani.

Jioni tukapita chini ya daraja jipya la barabara kuu, lililofunguliwa Novemba 2019. Limevuka bonde zima juu ya vichwa vya watu, mita kama 160 kutoka mtoni, hata malori juu yake yaonekana kama siafu. Baada ya vijiji vichache tukaingia katika ua wa mkulima mmoja. Huko msafiri wa motokaa-nyumba halali popote apendapo. Ziko sehemu zilizotengwa, zenye bomba la maji, umeme, na shimo la kumwagia maji machafu. Hata wakulima wengine huwaruhusu wageni kulaza magari uani kwao, karibu na ghala la divai. Kwenye ukuta wa nyumba ile palikuwa na mistari ya kuonyesha jinsi mto ulivyofurika miaka mbalimbali. Ule wa Desemba 1993 ulinipita kichwa.

Mkulima alikuwa mtu wa makamo, mikono yake mieusi kwa kazi. Alikuwa amekwisha kuleta zabibu za siku ile, na shinikizo lake, ambalo siku hizi ni pipa kubwa la chuma lenye mfuko ndani unaojazwa hewa, lilikuwa likinguruma. Alituonyesha divai mpya, ambayo bado inachachuka. Rangi yake ni kama ya uji mwembamba, na ndani yake mlikuwa na mapovu yanayopanda bila kukoma. Akachukua chupa moja, akanionyesha kifuniko chake. Hakikufungwa kabisa, kina nafasi ya kupumua. Akasema, “Nikiifunga sawasawa, usiku itapasuka, na asubuhi nitafagia vioo.” Basi nikauelewa ule mfano wa divai mpya na viriba vikuukuu, ambao nalikuwa nikiupita haraka darasani. Kiriba kikuukuu kimekwisha kunyooka mpaka mwisho wake, hakiwezi tena kutanuka. Si kwamba divai ni mbaya, wala kiriba si kibaya. Ila hai haiwezi kufungwa na kigumu.

Mzee akamweleza kwamba mimi sinywi. Nalingoja aone kuwa nimemdharau. Badala yake akaingia ndani, akarudi na bilauri ya maji ya zabibu yaliyokamuliwa jioni ile, matamu kama asali. Akasema kwamba makanisa mengi ya kwao siku hizi hutumia maji hayo penye meza ya Bwana, kwa ajili ya ndugu waliokwisha kufungwa na pombe wakafunguliwa, wasikwazwe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mjomba wangu alikunywa shamba lake lote. Usidhani sisi hatujui.”

Sasa nitaandika habari ya pili.

Ninaye kijana, wa pili katika watoto wangu. Alikuwa na akili, na tulimtumaini sana. Kisha akashikwa na pombe. Nalimwonya, nikamwombea, nikampiga marufuku, akaahidi, akavunja, akauza vitu vya nyumbani. Mwaka 2021, usiku mmoja, nikamfukuza. Nami sikumfukuza kwa maneno yangu mwenyewe tu. Nalichukua sura ya kumi na tano ya Yohana, ile ya mzabibu na matawi, nikamwambia kwamba yeye ni tawi lisilozaa, na kazi ya tawi la namna hiyo inajulikana. Akaondoka na shati lake. Namba ya simu yake nikaifuta. Mama yake hakubishana nami. Ila tangu siku ile, akipakua chakula cha jioni, huweka sahani moja zaidi mezani, na tukimaliza kula huiondoa bila kusema. Miaka mitatu nimekula mbele ya sahani ile.

Basi jioni ile, tulipokuwa tukitembea na mkulima katika shamba lake la chini, karibu na kijito, nikaona ajabu. Mizabibu ilikuwa na majani mengi, lakini zabibu karibu hakuna. Nikauliza sababu. Akasema kwamba mwishoni mwa Aprili 2024, machipukizi yakiwa yametoka yakiwa laini, ilikuja jalidi, yaani baridi ya kugandisha umande, usiku mfululizo. Asubuhi yote yalikuwa meusi kama yaliyopita motoni. Wakulima wengi wa bonde lile na mabonde ya kando waliumia.

Nikamwuliza, “Kwa nini hukuikata mizabibu hii ukapanda mingine?”

Akanitazama kama mtu aliyesikia neno la kitoto. Akasema, “Nalingoja.” Kisha akashika tawi moja, akanionyesha penye kifundo. Katika kila jicho la mzabibu, alisema, Mungu ameweka zaidi ya chipukizi moja. La kwanza ndilo lenye matunda mengi. Likifa, la pili huamka. Hilo la pili halizai sana, pengine halizai kabisa mwaka ule. Mtu asiyejua hulitazama, akasema halifai. “Lakini mzabibu,” akasema, “huzaa juu ya tawi lililokua mwaka uliotangulia. Tawi hili ambalo leo halina kitu ndilo nitakalolikunja na kulifunga wakati wa baridi, na mwaka ujao ndilo litakalozaa. Kama ningelikata leo kwa hasira, mwaka ujao nisingekuwa na kitu.”

Nikauliza, “Na yale mengine, unayokata?”

Akasema, “Hukata wakati wa baridi, majani yakiisha kuanguka na maji ya mti yakiisha kutulia. Kabla ya hapo huwezi kuona vizuri. Nami hukata mwenyewe, au mtu niliyemfundisha miaka mingi. Kukata ni kazi ngumu kuliko kuvuna. Kuvuna huweza kila mtu.”

Mzee alipokwisha kunifasiria maneno hayo, sikuweza kujibu. Nalisema nasikia baridi, nikarudi garini. Usiku ule nalilala katika kitanda cha juu, mvua ikipiga bati kichwani, nikaifungua ile sura tena. Nami naliisoma kama mtu asiyewahi kuisoma. Neno la Bwana halikubadilika: tawi lisilozaa huondolewa, nami siwezi kulifuta neno hilo. Lakini naliona jambo ambalo lilikuwa limeandikwa pale siku zote. Bwana amesema yeye ni mzabibu, na Baba ndiye mkulima. Sisi ni matawi. Mkasi hakupewa tawi. Mimi, niliyekuwa tawi karibu na tawi, nalinyakua chombo cha Baba, nikakata usiku, kwa hasira, katika majira yasiyo ya kukata.

Hata asubuhi, nikampigia mke wangu simu, nikamwomba namba ya mtoto. Hakuniuliza kwa nini. Aliitamka yote bila kutafuta popote. Alikuwa ameihifadhi kichwani.

Msifikiri kwamba yote yamekwisha kuwa mema. Nalipompigia kijana wangu, mara ya kwanza hakupokea, wala mara ya pili. Mara ya tatu alipokea akanyamaza, nami nikanyamaza, kisha nikamwambia kwamba nalikosa kuyatumia maneno ya Mungu kama rungu. Krismasi ya mwaka ule alikuja. Alikula katika sahani yake. Januari akaanguka tena, akarudi tena. Sasa anamsaidia jirani yetu kazi za kahawa, na juma hili limepita vizuri. Mbele yake sijui, wala si kazi yangu kujua. Kazi yangu ni kumwegemeza, kama ule mti usimamao kando ya mzabibu. Mti wenyewe hauzai kitu, lakini bila huo tawi hulala chini.

Wazazi na walimu wenzangu, mkiifundisha sura ile, waambieni watoto habari za jiwe la sleti, na matawi mawili yaliyokunjwa kama moyo, na jicho lenye chipukizi la pili. Tena, kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni tawi kavu, kumbukeni yule mkulima wa Mosel na shamba lake lililoungua, jinsi alivyongoja.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.